Roki ya Kujitegemea: Fanani, Hadhira na Riziki katika Ukumbi Mmoja wa Chicago

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa tangu mwaka wa kwanza kwamba utendaji hautenganishwi na fanani, hadhira na mandhari. Ataorodhesha sifa za fanani bora, atatofautisha hadhira tendi na hadhira tuli, na ataeleza nafasi ya kitikio katika wimbo wa kazi. Swali ambalo vitabu vyetu huliacha kando ni lile la kijungujiko: fanani hula nini? Nani humlipa, kwa utaratibu gani, na wimbo ukishatoka kinywani mwake huwa mali ya nani? Makala haya yanalikabili swali hilo kwa kutumia mfano wa mbali, nao ni tamasha la bendi ya roki ya kujitegemea nililolihudhuria jijini Chicago, Marekani, mwezi Oktoba 2022. Msomaji atakayeuliza Kiswahili kinahusikaje na magitaa ya Wamarekani namwomba avute subira.

Nilikuwa Marekani kwa mwaka mmoja nikiwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika chuo kimoja cha jimbo la Indiana. Kabla sijaondoka nyumbani, binamu yangu, mpiga gitaa la solo katika bendi ya benga huko Nyanza, alinituma. Bwana huyu mnamo mwaka 2008 alirekodi nyimbo nane kwa produsa mmoja wa Nairobi, akalipwa shilingi 20,000 taslimu, akatia sahihi karatasi ambayo hakupewa nakala yake. Wimbo mmoja kati ya hizo ulivuma. Aliusikia ndani ya matatu, arusini na hata katika mikutano ya kampeni, wala hakuona senti nyingine. Alipotaka kuurekodi upya aliambiwa kwamba si wake. "Mdogo wangu," akaniambia, "nasikia huko kuna bendi zinazojirekodi zenyewe bila tajiri. Kaziangalie zinakula wapi."

Tuanze na jina. Wenyewe huuita muziki huu indi, ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya asiyemtegemea mwingine. Asili ya jina hilo ni mkataba wala si mtindo wa kupiga gitaa: rekodi ya indi ilikuwa ile iliyotolewa na kampuni ndogo isiyomilikiwa na makampuni makubwa ya muziki. Makampuni hayo makubwa yamekuwa yakimezana mwaka baada ya mwaka, na sasa yamebaki matatu, yaani Universal, Sony na Warner. Baadaye neno likahama, kama maneno yahamavyo, likaanza kutaja pia mlio fulani: bendi ya watu watatu hadi watano, magitaa yanayokwaruza, sauti ya mwimbaji isiyopambwa sana, mashairi juu ya mambo madogo ya maisha. Ndiyo maana siku hizi utaikuta bendi iitwayo indi ilhali imefungwa na kampuni kubwa. Mwanaisimu atasema huu ni upanuzi wa maana. Mwanamuziki mkongwe atasema ni wizi.

Je, tuuiteje kwa Kiswahili? Nimewasikia wenzangu wakisema roki huru. Mimi naona roki ya kujitegemea ndilo jina linaloafiki. Huru ni yule asiyezuiwa. Anayejitegemea ni yule anayeubeba mzigo wake mwenyewe. Tangu Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, neno hili limekuwa na harufu ya jembe na jasho, na harufu hiyo inafaa hapa, kama itakavyodhihirika tutakapofika kwenye kushusha vyombo.

Chimbuko la harakati hii mara nyingi hutajwa kuwa Manchester, Uingereza. Mwezi Januari 1977 bendi ya Buzzcocks ilitoa santuri ya nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa pauni 500 za mkopo na chini ya jina la kampuni waliyoibuni wao wenyewe, New Hormones. Kampuni ndogo zilikuwako zamani, hasa katika jazi na bluu za Wamarekani Weusi, lakini santuri hii iliwafumbua macho vijana wengi kwamba hawana haja ya kungoja kuitwa. Duka la Rough Trade la London, lililofunguliwa mwaka 1976, likawa mlango wa kuuzia rekodi za namna hiyo, na kuanzia Januari 1980 Uingereza ikawa na chati maalumu ya muziki wa kampuni zisizo kubwa. Marekani nayo ilikuwa na SST huko California, Dischord ya Washington, Sub Pop ya Seattle, na Touch and Go, ambayo ilianza mwaka 1979 kama kijarida cha mashabiki huko Michigan, ikageuka kampuni, ikahamia Chicago. Sub Pop ndiyo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, iliyorekodiwa kwa dola 606 na senti kidogo. Miaka miwili baadaye bendi hiyo hiyo, ikiwa mikononi mwa kampuni kubwa, iliuza mamilioni ya nakala, na mawakala wa makampuni wakamiminika kwenye kumbi ndogo kama nzi waliosikia harufu ya asali.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Benga ilienezwa kwa kiasi kikubwa na watayarishaji wadogo wa River Road jijini Nairobi na wa miji mingine. Jina la Chandarana wa Kericho halimpigi chenga mkusanyaji yeyote wa santuri za zamani. Kwa hivyo udogo wa kampuni peke yake si dawa. Produsa aliyemlipa binamu yangu shilingi 20,000 alikuwa na chumba kimoja na kompyuta moja.

Nilifika Chicago kwa basi siku ya Ijumaa, nikapokewa na Mkenya mmoja anayesomea uuguzi. Alinishangaa sana. "Mwalimu, umesafiri saa zote hizo kuja kuona bendi ambayo hata hapa haijulikani?" Jumamosi mchana nilifanya yafanywayo na wageni: nikatembea ukingoni mwa mto, nikaitazama minara miwili ya Marina City, ambayo kwa hakika inafanana na magunzi ya mahindi yaliyosimamishwa. Minara hiyo imo kwenye jalada la albamu ya Wilco, bendi ya mji huu, ambayo kisa chake ni chakula cha wachambuzi. Mwaka 2001 kampuni yao, Reprise, iliikataa albamu hiyo. Bendi ikaondoka na rekodi zake, ikaziweka kwenye intaneti watu wazisikilize bure, kisha kampuni nyingine, Nonesuch, ikazinunua na kuzitoa Aprili 2002. Reprise na Nonesuch zote mbili zilikuwa mali ya Warner. Tajiri alilipia bidhaa ile ile mara mbili!

Usiku nikapanda basi nambari 49 linalopita Western Avenue hadi ukumbi wa Empty Bottle, katika mtaa wa Ukrainian Village. Ni ukumbi wa watu mia nne hivi, umekuwako tangu miaka ya mapema ya 1990, na kwa nje mtu anaweza kuupita akidhani ni baa ya kawaida. Mlangoni hukuti zulia wala mataa. Kuna bawabu mwenye tochi ndogo anayehakikisha kwamba umetimiza miaka 21, umri halali wa kunywa pombe nchini humo. Aliigeuza pasipoti yangu ya Kenya mara tatu, akaniuliza twiga wangapi wako nyumbani kwetu, akanigonga muhuri kifundoni. Tiketi huandikwa saa mbili: ya kufunguliwa kwa milango na ya kuanza kwa onyesho. Asiyejua huja mapema akaduwaa kama nilivyoduwaa mimi, kwani bendi huwa tatu. Ya kwanza aghalabu ni ya wenyeji wanaojaribu bahati, ya pili ni wasafiri wenza, na ile iliyokuleta hupanda jukwaani karibu na saa tano usiku.

Kati ya bendi moja na nyingine hupita kama nusu saa ya kuondoa na kupanga vyombo, na hapo ndipo niliposhuhudia jambo lililonikumbusha Mwalimu. Kijana aliyekuwa akiburura kasha la amplifaya huku jasho likimtoka, akainama kukunja nyaya, akampisha mwenziwe mwenye ngoma kubwa begani, nilimdhania kuwa kibarua wa ukumbi. Dakika kumi baadaye alishika maikrofoni akaanza kuimba. Ndiye niliyekuwa nimesafiri kumwona.

Katika ukumbi mdogo fundi wa sauti hukaa nyuma ya hadhira, akilikabili jukwaa, maana lazima asikie wanavyosikia walionunua tiketi. Dramu hujisikia zenyewe hata bila kipaza sauti. Kazi kubwa ya fundi ni kuiinua sauti ya mwimbaji ielee juu ya magitaa bila kuanza kupiga mluzi. Mwimbaji mwenyewe hajisikii, ndiyo sababu spika nyingine huwekwa sakafuni zikimtazama yeye. Sauti ni kubwa mno. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele za desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku, na onyesho la roki hufikia hapo bila taabu. Nilimwona mzee mmoja mwenye mvi akitia vizibo masikioni kwa utulivu wa mtu anayevaa miwani, nami nikaenda kununua vyangu.

Sasa hadhira. Walisimama wote, viti havikuwapo isipokuwa vichache pembeni. Walitikisa vichwa, wachache wakayumbisha mabega, na katika wimbo wa polepole walinyamaza kabisa, hata ukasikia barafu ikigongana ndani ya bilauri. Hakuna aliyecheza kwa namna ambayo mtu wa Kisumu angeiita kucheza. Kwa istilahi zetu ningesema hii ni hadhira tuli, na kwa dakika arubaini niliamini hivyo. Kisha uzi wa gitaa la mwimbaji ukakatika. Huku akifunga uzi mpya alianza kusimulia jinsi gari lao lilivyozima njiani wakiwa wanakuja, na mtu mmoja nyuma akamkatiza kwa mzaha, mwingine akamjibu yule, mwimbaji akaubeba mzaha huo na kuurudisha ukiwa umenona. Ukumbi mzima ulicheka kama watu wa kijiji kimoja. Aliporudi kwenye wimbo, waliimba naye kibwagizo bila kuombwa. Nadhani mipaka tunayoichora ubaoni baina ya hadhira tendi na hadhira tuli ni ya wakati wala si ya watu.

Lakini kuna kitu kilichokosekana, na hicho ndicho kilichonirudisha kwenye swali la binamu yangu. Katika taarabu, ubeti ukikugusa utaondoka kitini, utakwenda mbele ukimtunza mwimbaji kwa noti, na kutunza huko ni sehemu ya utendaji. Katika muziki wa Wajaluo kuna pakruok: mtu hutoa fedha, muziki ukasimamishwa, akajisifu au akamsifu rafikiye, kisha gitaa likaendelea. Riziki ya fanani hupita mbele ya macho ya wote. Chicago hakuna aliyepanda jukwaani na noti. Niliangalia usiku kucha nione fedha zinapita wapi.

Zilipita kwenye meza. Karibu na mlango palikuwa na meza iliyopangwa fulana, santuri na vibandiko, na mara onyesho lilipokwisha mpiga besi, mwanamke wa makamo ya miaka thelathini, alikwenda kusimama nyuma yake akiwa bado anahema. Watu wakapanga foleni. Kila mmoja alimwambia neno moja juu ya wimbo fulani, kisha akatoa kadi ya benki. Wamarekani wenyewe wataiita biashara. Mimi niliyelelewa katika desturi nyingine niliona pale kutunza, isipokuwa mtunzaji huondoka na fulana.

Nilingoja foleni iishe nikajitambulisha kuwa mwalimu wa Kiswahili mwenye binamu mpiga benga. Alikubali kunieleza habari za fedha kwa sharti kwamba nisiitaje bendi, nami nalitimiza. Ukumbi, alisema, hulipa kwa njia mbili: ama kiasi kilichokubaliwa kabla, ama sehemu ya mapato ya mlangoni baada ya gharama kuondolewa. Wakala anayewatafutia maonyesho huchukua asilimia kumi. Kinachobaki hununua petroli ya gari lao, ambalo kwa ukubwa ni kama matatu ya abiria 14. Hawalali hotelini, hulala sakafuni kwa marafiki. Wimbo mmoja ukisikilizwa mara moja kwenye intaneti huleta sehemu tu ya senti, kwa hiyo fulana ya dola 25, ambayo kuitengeneza huwagharimu theluthi moja, inawafaa kuliko maelfu ya wasikilizaji. Na je, inatosha? Alicheka. Yeye huoka mikate siku nne kwa wiki, mwimbaji ni fundi seremala, na mpiga dramu hufundisha watoto.

Nikauliza lile la binamu yangu: nyimbo ni za nani? Hapo hakucheka. Alisema nyimbo ni zao na rekodi ni zao. Kampuni yao ndogo imepewa idhini ya kuzitoa kwa miaka saba. Gharama zikisharudi, faida hugawanywa nusu kwa nusu. Mkataba ni kurasa mbili, na kila mwanabendi ana nakala yake. Akafungua simu akanionyesha.

Mgawanyo huo wa nusu kwa nusu ni desturi ambayo Touch and Go iliifanya maarufu, tena kwa kupeana mikono tu bila karatasi. Chicago ndiko pia alikoishi na kufanyia kazi Steve Albini, mpiga gitaa na fundi wa kurekodi aliyefariki Mei 2024. Mwaka 1993, katika jarida la The Baffler la mji huo huo, Albini aliandika makala ya kupiga hesabu za bendi ya kubuni iliyosaini na kampuni kubwa na kuuza nakala 250,000. Katika hesabu zake kampuni inaondoka na dola 710,000, produsa na dola 90,000, na kila mwanabendi na dola 4,031 na senti 25. Alipoirekodi albamu ya Nirvana mwaka huo huo alikataa mrabaha akataka ujira wa mara moja, akisema apaswa kulipwa kama fundi wa mabomba. Ukitafakari, utaona kwamba ni mpango ule ule aliofanyiwa binamu yangu, malipo ya mara moja na kwaheri, lakini umegeuzwa: hapa anayelipwa mara moja ni fundi, na anayebaki na wimbo ni fanani.

Nisiwapambe watu hawa kupita kiasi. Mkono mtupu nao una kasoro zake. Bendi moja iliyokuwa imekubaliana na Touch and Go kwa mdomo iliishtaki kampuni hiyo, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaipa ushindi, ikiamua kuwa makubaliano yasiyotajiwa muda yanaweza kuvunjwa wakati wowote. Wengi katika muziki huo waliwalaumu wanabendi kwa kuvunja uaminifu. Mimi nasema neno likisemwa tu bila kuandikwa kila upande hulikumbuka kwa faida yake. Hata kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inataka uhamishaji wa haki ufanywe kwa maandishi yenye sahihi. Tatizo la binamu yangu ni kwamba maandishi yalikuwapo, nayo yalikaa upande mmoja.

Kuna uzi mwingine unaounganisha Chicago na benga, na ningekosea kuuacha. Bendi ya Extra Golden iliundwa na Wamarekani wawili wa muziki wa roki, Ian Eagleson na Alex Minoff, pamoja na Otieno Jagwasi na wenzake wa Kenya. Eagleson alikuja Kenya kufanya utafiti wa uzamifu kuhusu benga. Walirekodi Nairobi mwaka 2004. Otieno akafariki mwaka 2005. Albamu yao ya kwanza ikatolewa mwaka 2006 na Thrill Jockey, kampuni ya kujitegemea ya Chicago, kwa jina la Ok-Oyot System, Kidholuo cha kusema mambo si rahisi. Mwaka huo huo walialikwa kwenye tamasha la muziki la Chicago, wakasaidiwa kupata viza na ofisi ya seneta wa Illinois wakati huo, Barack Obama, nao wakamtungia wimbo wa shukrani katika albamu ya mwaka 2007. Huo ni mfano wa pakruok uliovuka bahari.

Jumatatu nilimpigia binamu simu. Nilimweleza kwamba wanabeba ngoma wenyewe, wanalala sakafuni na wanaoka mikate. "Basi wako kama sisi," akasema, na nikasikia kama amefarijika. Kisha akauliza: "Na ile karatasi ya kurasa mbili, ulipiga picha?"

Nilikuwa nimeomba ruhusa nikapiga. Nilitumia juma zima kuitafsiri kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipojua jinsi tulivyo maskini wa istilahi katika jambo hili. Mrabaha tunao, idhini tunayo, faida baada ya gharama inaelezeka. Rekodi asilia ambayo nakala zote huzaliwa kwayo, ile ambayo mwenye kuimiliki ndiye mwenye kula, haina jina linalokubalika. Wenzangu wawili walipendekeza rekodi kuu. Mhadhiri wangu akapendekeza rekodi asili. Binamu alisema mafundi wa studio za Nyanza tangu zama za kanda huiita mama. Niliandika rekodi mama. Mwaka 2023 aliipeleka karatasi hiyo kwa produsa mpya mjini Kisumu. Produsa aliisoma yote, akabadilisha miaka saba ikawa mitano, akatia sahihi, na kila mmoja akaondoka na nakala yake.